Kamioneti Isiyoinama

Kwetu, kati ya Masisi na Walikale, muntu hajifunzi kusoma kwenye ubao. Anaanzia kwenye matako ya motokari. Mutoto wa miaka mitano akisimama juu ya kilima na kuona kamioni inapanda, anatazama nyuma yake: imekaa chini, basi imebeba, imeinuka, basi iko tupu. Na tangu vita ituzoee, elimu hiyo imeokoa watu wengi kuliko diploma, na hili nalisema mimi ambaye yangu ilikatikia njiani. Motokari ikikuja na matako chini na turubai imefungwa, unaacha jembe na kuingia migombani, kwa sababu hujui turubai inaficha maharagi ao inaficha watu wenye bunduki. Ikikuja imeinuka, unaendelea kulima.

Watu wa barieri, wale waliofunga barabara kwa kamba na bunduki, nao walisoma vilevile, ila kwa faida yao. Mwaka ule wa 2008 walikuwa wanatafuta motokari tupu za kubebea masanduku yao na majeruhi wao. Iliyojaa waliiacha ipite, maana kushusha magunia ni kazi, na wale hawakuingia porini ili wakafanye kazi. Kwa hiyo dereva aliyerudi bila mzigo alisimama kwanza Sake, akapakia mawe meusi ya volkano, akafunga turubai. Matako yakashuka, naye akapita barieri na uso wa muntu mwenye shughuli nyingi. Mawe ya Sake yametembea Masisi kuliko mapadri.

Muhindo alikuwa mumoja wa madereva hao. Ni shemeji yangu, bwana ya dada yangu Kavira. Munande wa Butembo, mufupi, shingo nene, Mukatoliki wa kusali rozari huku anabadilisha vitesi, ndiyo gia. Alikuja kijijini kwetu, nyuma ya Nyabiondo ukielekea Walikale, kununua maharagi na fromaji ya maziwa ya ng'ombe, akabaki. Kamioneti yake ilikuwa ndogo na aliiunga mwenyewe: kichwa cha gari moja, shasi ya lingine, na mlango wa kulia wenye rangi ambayo hakuna aliyeweza kuitaja. Kavira alisema kwamba kama yeye angezaliwa na matairi mane, angeoshwa kila Jumamosi.

Lakini kamioneti hiyo njo ilimuua mutoto wao wa kwanza. Muhindo mwenyewe alisema hivyo, bila kupunguza. Miaka miwili nyuma, uchungu ulipomushika Kavira, mama Dancille anayezalisha wanawake wa kijiji alimupima kwa mikono na kusema mutoto amelala vibaya, apelekwe hospitali ya Masisi. Wakamulaza nyuma, kwenye kariyo ya kubebea mizigo. Motokari ya mizigo ikiwa bila mizigo haina huruma: lama za nyuma, zile chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine kama vitabu, zinakuwa ngumu, na kariyo inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Walipofika kona ya mto damu ilikuwa imeanza. Mutoto alizaliwa palepale, kati ya shimo na shimo, na hakulia.

Tangu siku hiyo Muhindo aliziangalia lama zile kama muntu anavyomuangalia ndugu aliyemutendea ubaya na bado wanalala nyumba moja.

Mwezi wa Aprili Kavira alimuambia kwamba ana mimba tena. Muhindo alitoka nje, akaingia chini ya kamioneti, akalala hapo chali mpaka ugali ukapoa.

Sake kulikuwa na kwado mumoja, ndiyo kusema fundi wa matairi, jina lake Jean de Dieu. Nyuma ya kibanda chake lilikufa basi moja kubwa lililotoka Ulaya likiwa zee, likafika kwetu likapata uzee mwingine. Basi hilo halikukaa juu ya lama. Lilikaa juu ya baloni, mifuko ya mpira minene kama kiuno cha muntu, inayojazwa hewa. Muhindo alikuwa ameipita mara mia. Mwezi wa Agosti alisimama, akaiinamia, akaweka kiganja juu ya mpira kama daktari. Mimi nilikuwa naye, nikamuuliza kama anasikia moyo. Hakucheka. Miezi ile alikuwa ameacha kucheka, na kumutania kulianza kuwa kazi bila mushahara.

Kuchagua namna ya kuziweka chini ya kamioneti kulichukua siku tatu, na kila muntu wa Sake mwenye mikono michafu alileta mawazo yake. Swali la kwanza lilikuwa kama lama zitolewe zote. Muhindo alitaka zitoke, asizione tena. Jean de Dieu akamuonyesha kwa kijiti mchangani kwamba lama njo zinashika eksi ya nyuma, ile chuma ya kati ya matairi, isikimbie. Baloni inabeba tu, haishiki. Wakakubaliana mbili zibaki kila upande na sita zitoke.

Swali la pili lilikuwa tiyo, ule mpira wa kupitisha hewa. Tiyo moja ya kuunganisha baloni zote mbili ni rahisi, lakini kwenye kona hewa inakimbia kutoka upande unaolemewa kwenda upande mwepesi, na gari inalala kama mulevi. Barabara ya Masisi haina kitu kingine zaidi ya kona. Basi tiyo mbili, kila baloni na yake.

Swali la tatu njo lilileta maneno. Hewa ingeingilia wapi? Jean de Dieu alitaka valvu ya kawaida nyuma ya kariyo, kama ya tairi: unajaza kwa pompi asubuhi, unasahau. Muhindo alitaka kompreseri ndogo ya batri, na robine mbili, koki za kufungua na kufunga hewa, karibu na usukani, ili aweze kupandisha na kushusha akiwa ameketi.

Papa Sebarenzi, dereva wa maziwa, muzee kuliko barabara yenyewe, alikuwa anakunywa chai pembeni. Aliuliza ni ya nini kushusha. Kama unataka ulaini kwa bibi yako, jaza na uende.

Muhindo alieleza. Baloni zikijaa, matako yatakaa juu siku zote, hata ukipakia mawe ya Sake yote. Watu wa barieri wataona gari tupu na wataikamata. Kwa hiyo mbele ya barieri atatoa hewa, gari itakaa chini kama imebeba. Akipita, atajaza tena. Hatahitaji mawe. Na mawe hayawezi kukaa kwenye kariyo moja na mwanamuke mwenye mimba.

Sote tuliona ni akili kubwa. Mimi nilisema kwamba serikali ingekuwa na robine kama hiyo, ingeonekana imebeba kitu. Jean de Dieu peke yake njo hakucheka. Alikuwa anazungusha tairi kwenye beseni la maji akitafuta tundu.

"Muhindo," akasema, "matako unaweza kuyadanganyisha. Mimi siangaliake matako. Naangaliaka matairi. Gari ikibeba, tairi inavimba chini kama shavu ya muntu anayetafuna. Ikiwa tupu, iko muviringo. Hiyo hapana robine yake."

Muhindo alimujibu kwamba asante Mungu, kwado wote wako Sake na Goma, hakuna aliyeko kwenye barieri.

Akachagua robine.

Walipomaliza, Papa Sebarenzi aliweka ndoo ya maziwa bila kifuniko katikati ya kariyo, wakaizungusha kamioneti kwenye mashimo ya soko la Sake, barabara ya Minova na kurudi. Yalimwagika maziwa ya kikombe kimoja. Muhindo aliinamia ndoo ile muda mrefu. Nilifikiri anasali, na labda alikuwa anasali.

Ujanja ulifanya kazi Septemba yote. Kabla ya kona ya barieri alifungua robine, hewa ikatoka na sauti ndefu, fyuuu, kama nyoka anayechoka kukasirika, na nyuma ikashuka mpaka shasi ikalalia mipira migumu. Vijana wa bunduki walitazama matako, wakafungua kamba. Baada ya kona nyingine kompreseri ikalia kidogo na gari ikainuka tena. Mara ya kwanza jasho lilimutoka. Mara ya tano alikuwa anasalimia. Akaacha kabisa kupita kwenye mawe, na nafasi yake kwenye kariyo akaweka godoro.

Lakini milima ilikuwa inabadilika. Barieri zilikuwa tatu, zikawa tano, na nyuso zake hazikukaa wiki mbili. Wanawake waliacha mashamba ya mbali na maharagi yakaozea hapo. Ng'ombe walishushwa malishoni mapema, na watu waliotoka Itebero kwa miguu, siku nyingi porini, walipita kijijini bila kuomba maji. Muntu anayetembea hivyo akipita bila kuomba maji, usimuulize anakimbia nini. Mulio wa bunduki ulianza kusikika upande wa magharibi, kwanza kama muntu anayepasua kuni mbali, halafu kama jirani anayepasua kuni.

Mwisho wa Oktoba, asubuhi, mama Dancille aliweka mikono juu ya tumbo la Kavira, akaipeleka kushoto, akairudisha kulia. Kisha akasema maneno yaleyale ya miaka miwili nyuma: mutoto amelala vibaya, apelekwe Masisi. Muhindo alijaza baloni. Alizijaza polepole, akishuka mara tatu kuzipima kwa kiganja. Tukamulaza Kavira kwenye godoro, mimi nikaketi naye chini ya turubai.

Nasema kweli: gari ile ilitembea kama mukono unaobembeleza. Kona ya mto ilipofika Kavira alifumba macho, nami nikashika ubao wa kariyo. Tukaivuka. Alifumbua macho, akaniuliza kama tumesimama.

Barieri iliyofuata haikuwa mahali pake. Usiku watu wake walikuwa wameisogeza, ikawa kabla ya kona badala ya baada. Muhindo aliiona ikiwa mita mia mbili, akafungua robine zote mbili mara moja. Chini ya turubai tulisikia fyuuu, na nyuma ikatua. Mita mia mbili zile Kavira alizilipia: kila jiwe lilipanda moja kwa moja mpaka mgongoni. Aliuma nguo.

Mukubwa wa barieri alikuwa mwembamba, na kofia ya sufu, ameketi juu ya tairi kuukuu. Hakuangalia matako. Aliinuka, akaenda kwenye tairi ya nyuma, akaigonga kwa kisigino, akainama akaitazama pale inapogusa ardhi.

"Umebeba nini, Papa?"

"Bibi yangu. Naenda naye hospitali."

"Na nini ingine?"

"Godoro."

Mukubwa alizunguka akaigonga tairi ya pili. Kisha akaongea bila kelele, kama muntu anayesahihisha daftari.

"Matako inasema tani moja. Matairi inasema hakuna kitu. Kati ya hawa mbili, mumoja anadanganya. Miaka sita nilikuwa kwado Goma, Papa. Tairi haijanidanganya hata siku moja."

Vijana walishika bunduki vizuri. Kama gari iko tupu na inajifanya imebeba, basi inaficha kitu, na kwetu kitu kinachofichwa kina majina mawili tu, madini na silaha, na yote mawili yanamaliza muntu. Njo hapo Kavira aliinua turubai kwa mukono mumoja.

"Ni bwana yangu anadanganya," akasema. "Alikuwa anaogopa mutakamata gari. Sasa munajua. Mutuache tupite, ao nitazaa hapa."

Mukubwa alimutazama tumbo, akamutazama uso. Akamugeukia Muhindo.

"Onyesha."

Muhindo alifunga robine, akawasha kompreseri. Kamioneti ikaanza kuinuka nyuma, polepole, peke yake, hakuna aliyeigusa. Kijana mumoja alirudi hatua mbili na kuielekeza bunduki, kana kwamba gari imemutukana. Mukubwa aliweka kiganja juu ya kariyo na kuifuata ikipanda. Alitabasamu, na tabasamu hilo lilinikausha mate kuliko bunduki ya kijana wake.

"Kumbe hewa. Ukiijaza vizuri, ata ikibeba haiinami?"

Muhindo aligusa robine.

"Papa, nakuuliza."

"Haiinami."

Mukubwa akaamuru mama ashushwe taratibu, apewe na godoro yake. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyetukanwa. Kisha akamuomba Muhindo, kwa adabu kabisa, amufundishe dereva wao zile robine: ipi ya kushoto, ipi ya kulia, kompreseri ilie muda gani kabla batri haijachoka. Dada yangu alikuwa kwenye majani, anashika shina la mugomba kila uchungu ukija, na bwana yake alikuwa ameketi ndani ya kamioneti yake mwenyewe akifundisha. Alifundisha vizuri, bila kuruka neno, kwa sababu yule dereva akikosea, somo lingeanza upya.

Walituachilia, gari ikabaki kwao. Wanaume wane wa nyumba za karibu, wakulima wa kilima kile, walikuwa wameona yote. Bila kuulizwa walikata miti miwili, wakafunga godoro katikati kwa kamba za ng'ombe, ikawa tipoyi, kile kitanda cha kubebwa mabegani ambacho babu zetu walibebea wagonjwa kabla ya motokari kuzaliwa. Mimi na Muhindo tulipokezana nao. Wanatembea kwa hatua fupi, goti limelegea kidogo, na wa mbele akiona shimo anasema neno moja kwa Kihunde, basi mabega yote mane yanashuka pamoja. Safari ilichukua saa tatu. Kavira hakulia hata mara moja njiani.

Hospitalini walimupasua jioni. Akatoka musichana, mudogo, na hasira nyingi, akalia mpaka mulinzi wa nje akauliza nani huyo.

Kesho yake Kavira alimuambia bwana yake, akiwa bado hawezi kugeuka: "Miezi yote hii ulitafuta chuma laini. Mabega ya watu ilikuwa pale."

Nilidhani Muhindo atalilia gari. Hakulilia. Alikaa dirishani siku tatu, uso kwenye barabara, rozari mukononi, na nilipomuletea mzaha kwamba sasa ataoshwa nani Jumamosi, alisema tu, "Haiinami. Nilimujibu haiinami." Nikamuelewa nusu, kama ninavyoelewaka vitu.

Siku ya ine ilikuwa ya soko. Masisi ilijaa: maziwa, fromaji, maharagi ya watu waliothubutu kuvuna, motari wa pikipiki wanabishana na abiria. Saa tano hivi, kamioneti yenye mlango usio na rangi ilionekana inapanda kutoka upande wa Nyabiondo. Turubai imefungwa. Matako juu, imenyooka, nzuri kuitazama.

Watu waliisoma kama walivyofundishwa. Mwanamuke mumoja alikuwa ameinua kikapu chake akimbie; akaona nyuma imeinuka, akakirudisha chini. Mulinzi wa hospitali, aliyesimama karibu nasi langoni, alisema ni tupu, wanakuja kununua. Motari wakarudi kwenye mabishano yao.

Muhindo hakuangalia matako. Nilimuona anainama langoni, anaangalia chini, pale mpira unapogusa barabara. Matairi ya nyuma yalikuwa yamevimba kama mashavu, yamebanwa na uzito, karibu chuma iguse ardhi.

"Iko imejaa," akasema. "Iko imejaa watu."

Mulinzi akamuuliza anajuaje. Muhindo akamuonyesha matairi. Mulinzi akatazama matairi, akatazama matako, akaamini matako. Muhindo akawaambia na wanawake wa kwanza wa soko, kwa sauti ya kawaida, na wawili wakachukua vitu vyao, na wengine wakasema Munande huyu amenyang'anywa gari na akili.

Hakubishana. Aliingia ndani, akamuinua Kavira na kidonda chake, akaniwekea mutoto mikononi. Tipoyi yetu ilikuwa bado imeegemea ukuta wa nyuma. Tulimulaza, mimi mbele na mutoto amefungwa kifuani kwangu, yeye nyuma, wawili badala ya wane, tukatoka kwa mlango wa jikoni na kushika njia ya migombani inayopanda.

Tulikuwa tumepanda hatua mia labda. Soko lilikuwa bado linapiga kelele zake za soko. Kisha, chini yetu, kamioneti ilisimama, na tukaisikia sauti ile, ndefu, fyuuu, mkono wa muntu kwenye robine, na nyuma ya gari inashuka polepole ili wale wenye bunduki walioko ndani waruke bila shida.

Kwenye miti ya tipoyi nilisikia mabega ya Muhindo yanashuka kidogo, na ya kwangu yakashuka pamoja nayo. Hatukugeuka. Muhindo alisema neno moja la Kihunde, lile la shimo, nasi tukaendelea kupanda.